Historia au nadharia: ipi njia bora ya kuingilia falsafa ya maadili?

Mtu wa Lamu anayetaka kuanza kusoma falsafa ya maadili, yaani elimu inayouliza kwa hoja lipi ni jema, lipi ni baya na binadamu anapaswa kuishi vipi, atakuta njia mbili zilizokwisha kuzoeleka katika vyuo vikuu. Ya kwanza ni njia ya nadharia: msomaji huwekewa mbele mafundisho makuu matatu au manne, akaelezwa kila moja linapimaje tendo jema, kisha akayajaribu kwa mikasa. Ya pili ni njia ya historia: msomaji huanzia Athens ya kale na kuufuata mjadala karne baada ya karne, akisikiliza kila mwanafalsafa anasema nini na anamjibu nani. Vitabu vya utangulizi karibu vyote vimeegemea upande mmoja au mwingine. Uchaguzi huu si mdogo, kwa sababu mahali anapoingilia mtu ndipo panapoamua ataona nini kwanza, na mara nyingi ndipo panapoamua kama ataendelea au atakifunga kitabu katika ukurasa wa thelathini.

Ninawafikiria wasomaji wa aina tatu: mwalimu wa madrasa aliyekwisha kusoma akhlaki kwa Kiarabu na anataka kujua wengine wamesema nini, kijana aliyemaliza kidato cha nne anayejiandaa kwenda chuo, na mvuvi au mfanyabiashara anayekaa katika kamati, iwe ya msikiti, ya maji au BMU, yaani kundi la wavuvi linalosimamia ufuo wake, ambaye kila mwezi hutakiwa kuamua mambo yanayowagusa wengine. Watu hawa hawahitaji kitu kimoja, na haifai kuwapa jibu moja.

Njia ya nadharia

Njia hii hufundisha kwa kupambanisha. Upande mmoja yupo Jeremy Bentham, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1789 kitabu juu ya misingi ya maadili na utungaji wa sheria, akadai kwamba tendo lipimwe kwa raha na maumivu linayoyaleta kwa wote linaowagusa. John Stuart Mill, aliyelelewa katika mafundisho hayo tangu utoto, aliyatengeneza upya katika makala zilizotoka mwaka 1861 na kuwa kitabu mwaka 1863, akiongeza kwamba raha zina madaraja, na kwamba raha ya akili hupita raha ya tumbo hata pale ya tumbo inapokuwa nyingi zaidi. Upande wa pili yupo Immanuel Kant wa mji wa Königsberg, ambaye mwaka 1785 alitoa kitabu kidogo chenye madai mazito: kwamba kitu pekee kilicho chema bila sharti lolote ni nia njema, kwamba mtu atende kwa kanuni ile tu ambayo angeweza kutaka iwe sheria kwa watu wote, na kwamba binadamu, awe wewe mwenyewe au mwenzako, asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia jambo jingine.

Kant mwenyewe anatoa mfano ambao haubadiliki sana ukiuleta katika duka la Langoni. Mtoto ametumwa sukari kilo moja. Ameishika noti ya shilingi 200 katika kiganja kilicholowa jasho, hajui bei, na chenji hajui kuihesabu. Mwenye duka anampimia kilo kamili, mizani ikatulia, anamrudishia chenji yote na kuifunga katika kipande cha gazeti ili isidondoke njiani. Je, ametenda kwa wema? Kant anasema tungoje kwanza tujue sababu. Ikiwa muuzaji amechelea mama wa mtoto asije akamtangaza mtaa mzima, au amehesabu kwamba duka linaloaminika ndilo linalojaa wateja, basi tendo lake limekubaliana na wajibu, lakini halina thamani ya kimaadili, kwa maana siku hesabu itakapogeuka naye atageuka. Thamani hupatikana pale anapompa mtoto haki yake kwa sababu ni haki yake. Mill angelitazama duka lilelile na kusema jambo tofauti kabisa: mtoto hakupunjwa, mama ameridhika, soko linaaminika, kwa hiyo tendo ni sahihi, na sababu iliyokuwa moyoni mwa muuzaji inatupa habari za muuzaji, haibadilishi hukumu ya tendo. Mill aliandika waziwazi kwamba anayemwokoa mwenzake asizame ametenda jambo sahihi, awe amefanya kwa wajibu au kwa kutumaini malipo.

Mkasa mmoja kama huu, ukijadiliwa vizuri kwa muda wa saa moja, humfikisha mtu mbali kuliko kurasa nyingi za maelezo, na hiyo ndiyo nguvu ya njia ya nadharia. Ndani ya wiki chache msomaji anakuwa na vipimo mkononi, naye anaanza kusikia katika mazungumzo ya kila siku ni nani anayepima kwa matokeo, ni nani anayepima kwa wajibu, na ni nani anayeruka kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila kujijua.

Vipimo hivyo hufanya kazi hata katika mambo makubwa. Tazama bandari mpya ya Lamu huko Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Anayefuata nadharia ya manufaa, yaani ile ya Bentham na Mill, ataweka upande mmoja ajira, biashara na barabara kwa mamilioni ya watu wa Kenya na nchi jirani, na upande wa pili mikoko iliyokatwa, njia za samaki zilizochimbuliwa na maisha ya wavuvi wa visiwa hivi; naye, akiwa mkweli, hataogopa kusema kwamba wachache wanaweza kuumia ili wengi wapate. Kant ataanza kwingine. Atauliza kama mvuvi wa Lamu aliambiwa kitakachotokea na kuombwa rai yake kama mtu mwenye akili na hiari, au alihesabiwa tu kama kizuizi kwenye ramani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile ni ya sheria, haihitaji Kant wala Bentham ili ieleweke, lakini msomaji aliyepita njia ya nadharia ataiona tofauti iliyomo: fidia hujibu swali la madhara, ilhali kutoshirikishwa ni kosa ambalo lingebaki kuwa kosa hata kama bandari isingemdhuru samaki mmoja. Ataona vilevile kwa nini mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, mwaka 1971, aliilaumu nadharia ya manufaa kwa kutouchukulia kwa uzito utengano wa mtu na mtu, kana kwamba hasara ya mvuvi wa Lamu na faida ya mwenye lori wa Isiolo zilitoka katika mfuko mmoja. Na kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, cha megawati 1,050, ambacho leseni yake ilifutwa Juni 2019 kwa kasoro za ushirikishwaji wa umma, kinaweza kupitishwa katika hoja hizohizo kama zoezi la pili.

Kwa mwanakamati, basi, njia hii inatosha kuanzia, na ninaisifu bila kusita.

Lakini ina kasoro ambayo wanaoifundisha hawaitaji sana. Inayaweka mafundisho haya kama majibu ya swali moja, nayo hayakuwa hivyo. Kant na Mill, pamoja na uhasama wao, wanauliza tendo gani ni sahihi. Aristotle, anayeletwa siku hizi kama nadharia ya tatu kwa jina la maadili ya fadhila, aliuliza maisha mazima ya mtu yaweje ili yawe maisha mema, na alitoa nafasi kubwa kwa mambo ambayo wale wawili wanayapitia kando, kama vile urafiki, ambao alitengea vitabu viwili kati ya kumi vya maadili yake. Ukimtoa katika swali lake na kumlazimisha ajibu la wengine, anaonekana dhaifu, kama mtu aliyeulizwa njia ya Shela akaanza kueleza namna ya kutunza miguu.

Kasoro ya pili inamhusu zaidi msomaji wa hapa. Vitabu vingi vya nadharia vimeandikwa kwa wasomaji ambao dini imekwisha kuwekwa kando, au kufanywa jambo la mtu binafsi. Swali la Mwenyezi Mungu na wema hupewa sura moja fupi, likamalizwa, na mwandishi akaendelea na shughuli zake. Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza, alieleza mwaka 1958 kwamba watu wa zama hizi wanaendelea kusema mtu "anapaswa" na "analazimika" kwa uzito uleule wa zamani, ilhali wamekwisha kumwacha Mtoa Sheria aliyeupa usemi huo uzito wake. Hoja yake ilikuwa kali kwa wenzake wa Oxford. Kwa mtu ambaye bado anaamini kwamba Mtoa Sheria yupo na sheria zake zipo, hoja hiyo inamfungulia jambo: inamwambia kwamba sehemu ya mjadala inayomhusu yeye zaidi ilifanyika kabla ya Kant, na kwamba katika kitabu cha nadharia haimo.

Njia ya historia

Anayeingilia upande huu huanza na watu wawili kwenye ukumbi wa mahakama ya Athens. Socrates ameshtakiwa, na kesi hiyo ndiyo itakayomletea hukumu ya kifo mwaka 399 kabla ya Kristo. Euthyphro, naye, amekuja kumshtaki baba yake mzazi, kwa sababu kibarua wao alimuua mtumwa wa nyumbani, baba akamfunga kamba na kumtupa shimoni, akafia humo kwa njaa na baridi. Ndugu zake wote wanamlaumu: mtoto gani amshtakie baba yake mtu aliyeua? Euthyphro anajibu kwamba anajua vyema uchaji ni nini. Socrates anamshika hapo, na katika maandishi ya Plato anamuuliza swali ambalo halijaisha hadi leo: je, miungu hulipenda jambo kwa kuwa ni la uchaji, au jambo huwa la uchaji kwa kuwa miungu hulipenda?

Msomaji wa Lamu aliyekaa darsani atalitambua swali hili papo hapo, kwa maana wanazuoni wa Kiislamu walilipigania kwa karne kadhaa. Muutazila, madhehebu ya wanazuoni wa Basra na Baghdad walioipa akili nafasi kubwa, na baadaye kadhi Abd al-Jabbar aliyefariki mwaka 1025, walishikilia kwamba akili hutambua ubaya wa dhuluma na uongo kabla ya kuja amri, na kwamba Mwenyezi Mungu hukataza dhuluma kwa kuwa ni mbaya. Wafuasi wa mwanazuoni al-Ashari, waliowapinga, walikataa kwamba kiumbe anaweza kuweka kipimo ambacho Muumba alazimike kukifuata. Wema na ubaya, kwa maana yake ya kisheria, hujulikana kwa sheria iliyoteremshwa. Huu ulikuwa mjadala wa hoja kwa hoja, wenye mifano, pingamizi na majibu, na haukufanyika mbali nasi: itikadi inayofundishwa katika madrasa nyingi za mwambao huu imetoka katika upande mmoja wa mjadala huo. Mwalimu anayeisoma njia ya historia hagundui nchi ngeni. Anagundua kwamba yumo ndani ya mabishano ambayo alikuwa amefundishwa matokeo yake bila kuonyeshwa yalivyoendeshwa.

Aristotle naye, akisomwa kwa njia hii, anakuwa mtu mwingine. Dai lake la msingi ni kwamba fadhila za tabia hatuzaliwi nazo wala hatupewi kwa kuambiwa. Tunazipata kwa kutenda, kama vile mtu anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Ukitaka kuliona dai hilo kwa macho, nenda Matondoni ambako majahazi yanaundwa. Mwanafunzi wa ufundi huanza na kutia kalafati, akisukuma pamba kwa patasi na nyundo katika kila nafasi ya mbao, na fundi hupita nyuma yake akigusa kwa kidole, akasema hapa imelegea, hapa umezidisha, ubao utapasuka. Hakuna karatasi iliyoandikwa kiasi hasa cha pamba. Kiasi kinategemea ubao, nafasi na mahali chombo kinapopigwa na wimbi, na anayekijua ni yule ambaye mkono wake umekwisha kufundishwa. Aristotle anasema hivyo juu ya hasira, ukarimu na ujasiri: kuna kuzidi na kuna kupungua, na cha wastani hakipatikani kwa hesabu, bali kwa mtu aliyelelewa vizuri na kuzoezwa, na mwenye busara ya kuona kinachotakiwa hapa na sasa. Kwa hiyo malezi kwake ni nusu ya maadili yenyewe, jambo ambalo Kant na Mill hawalipi nafasi kiasi hicho.

Kitabu cha maadili cha Aristotle kiliingia katika Kiarabu katika karne ya 9, kwa tafsiri inayonasibishwa na Ishaq ibn Hunayn wa Baghdad, na nakala yake ya mkono ilikuja kupatikana Fez, katika maktaba ya Qarawiyyin, katika karne ya 20. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliandika kitabu cha kusafisha tabia ambamo wastani wa Aristotle umeunganishwa na fadhila nne za Plato. Kisha al-Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111, akayachukua hayo na kuyaweka ndani ya Ihya, kazi yake kubwa yenye vitabu 40, ambamo kitabu cha 22 kinahusu kuizoeza nafsi na kuitengeneza tabia. Humo utakuta hekima, ushujaa, kujizuia na uadilifu vikitajwa kama mama wa tabia njema zote, na vyote, isipokuwa uadilifu, vimesimama kati ya kuzidi na kupungua. Masharifu wa Hadhramaut wamekienzi kitabu hicho mno, na kwa mkono wao kimesomwa Lamu. Mtu aliyeketi katika darsa la Ihya, basi, amekwisha kukutana na Aristotle bila kutambulishwa kwake.

Nitatoa mfano mmoja wa kile ambacho njia ya nadharia hukipoteza. Vitabu vyake vingi hutaja makala ya Kant ya mwaka 1797, ambamo alishikilia kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza alipojificha rafiki yako, huna ruhusa ya kumwambia uongo. Wanafunzi hushtuka, mjadala hupamba moto, na huishia kwa Mill kuonekana mwenye huruma kuliko Kant. Lakini al-Ghazali alikwisha kulitazama suala hilihili takriban miaka 700 kabla, alipoandika juu ya maovu ya ulimi: ikiwa ukweli utasababisha kumwagika damu ya mtu aliyejificha kwa kumkimbia dhalimu, basi kusema uongo ni wajibu. Maneno, kwake, ni njia ya kufikia makusudio, na kama kusudio jema lenye kulazimu halifikiki ila kwa uongo, uongo huo hulazimu. Ila anatahadharisha papo hapo kwamba mlango huu usifunguliwe zaidi ya dharura, kwa sababu nafsi ni hodari wa kujitafutia dharura. Hapa kuna mtu anayejali matokeo na asiye mfuasi wa Bentham, anayesisitiza wajibu na asiye wa Kant, na ambaye wakati wote jicho lake liko kwenye tabia. Katika mpango wa nadharia tatu hana pa kukaa. Nadhani hilo ni aibu ya mpango, wala si yake.

Kuna somo jingine ambalo historia peke yake hulitoa, nalo ni chungu. Aristotle, mtu aliyeielewa haki kwa kina kiasi kile, aliandika katika kitabu chake cha siasa kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Karne chache baadaye Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa miongoni mwa walimu wakubwa wa madhehebu ya Wastoa, na kaisari wa Roma, Marcus Aurelius, akajifunza kutokana na mafundisho yake. Hata hivyo Wastoa waliufundisha uhuru wa moyo bila kuudai uhuru wa mwili kwa wote. Sisi hatuwezi kusoma kurasa hizo kama habari za watu wa mbali. Mashamba ya bara, mkabala na visiwa vyetu, yalilimwa na watumwa katika karne ya 19, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utenzi wake wa mwaka 1858 umelea mabinti wa visiwa hivi vizazi kwa vizazi, na ambaye ninamheshimu kama mama mwenye hekima na mapenzi, alimwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nadharia ya leo itasema kwa sentensi moja kwamba utumwa ni uovu, na ni kweli. Historia itakulazimisha uulize namna gani watu wema, wasomi, wachaji, waliishi ndani ya uovu huo bila kuuona, na hapo huwezi kukwepa swali la pili: sisi nasi hatuoni nini.

Kati ya zama hizo na Kant njia inapita kwa Thomas Hobbes, aliyeandika mwaka 1651 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza na kuyajenga maadili juu ya mapatano ya watu wanaoogopana. Na kwa David Hume, aliyeonyesha katika kitabu cha miaka ya 1739 na 1740 kwamba waandishi huteleza kutoka kusema mambo yalivyo hadi kusema yanavyopaswa kuwa, bila kueleza walivukaje. Anayeanza anaweza kupita hapo kwa haraka.

Gharama za njia hii ni za kweli. Inadai miezi, na wengi huchokea kwa Aristotle kabla ya kufika kokote. Inaweza pia kumwachia mtu dhana kwamba kila zama na lake, hakuna la kweli, jambo ambalo hakuna hata mmoja wa wanafalsafa hawa angelikubali. Na vitabu vyake vya utangulizi vina pengo kubwa: historia ya Henry Sidgwick ya mwaka 1886 na ile fupi ya Alasdair MacIntyre ya mwaka 1966, zote mbili nzuri, huruka kutoka Wayunani hadi Ulaya ya Kikristo kana kwamba Baghdad haikuwepo, na Afrika haimo. Msomaji wa hapa itambidi alizibe pengo hilo mwenyewe. Akitaka kujua namna ya kuwasikiliza wazee wetu kama wenye hoja, amtafute Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyewahoji wazee wenye hekima wa Kenya na kuwatofautisha wale wanaohifadhi tu mila na wale wanaoichambua na hata kuipinga. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1990.

Wapo wanaoniambia kwamba tenzi zetu zinatosha na hakuna haja ya safari yote hii. Tenzi zinausia, ni nadra kusimama na kumjibu mwenye kukataa. Zinastahili kusomwa kando ya falsafa, kama maadili yenyewe yanayochunguzwa.

Kuchagua

Kijana anayekwenda chuo achukue njia ya nadharia, kwa kuwa ndiyo atakayotahiniwa, na aanze na Mill, ambaye kitabu chake kina sura tano tu na hoja zake ziko juu ya meza, kisha sehemu mbili za mwanzo za kitabu cha Kant cha 1785. Mwanakamati afanye hivyohivyo, ila asisome peke yake. Asome na mwenzake mmoja asiyekubaliana naye, na kila sura waijaribu kwa jambo lililo mbele ya kamati yao. Vitabu hivi vya zamani havina tena hakimiliki, hupatikana bure kwenye intaneti, ingawa kwa Kiingereza, na hilo ni kikwazo ambacho mtu mmoja katika kundi anaweza kuwavusha wenzake kwa kuwasimulia.

Mwalimu wa madrasa, na yeyote ambaye maadili yake yameshajengwa na dini na nyumba aliyolelewa, ningemshauri bila wasiwasi aingilie kwa historia, na hii ndiyo njia ninayoichagua mimi pale ninapoulizwa bila sharti. Mtu wa namna hiyo akipewa nadharia tatu ataziona kama nguo za kuchagua, atachukua inayofanana na alichonacho na kuziacha nyingine, wala hatakuwa amefikiri. Akipewa historia atakutana na swali lake mwenyewe katika vinywa vya watu waliolibishania kwa dhati, na atalazimika kujua kwa nini anaamini anachoamini.

Ratiba yake iwe hivi. Aanze na mazungumzo ya Euthyphro, yanayosomeka kwa kikao kimoja. Afuatie kitabu cha kwanza na cha pili vya maadili ya Aristotle, kisha cha nane juu ya urafiki, na mengine ayaache kwa sasa. Arudi kwenye kitabu cha 22 cha Ihya akiwa na Aristotle kichwani, akitia alama kila mahali wanapokubaliana, na alama nyingine pale al-Ghazali anapomwacha, hasa anapozungumza juu ya Akhera. Hapo ndipo Kant na Mill waingie, maana sasa atajua wanakataa nini. Kitabu cha tano cha Aristotle, kinachohusu haki na ugawaji, kibaki hadi mwisho, kisomwe sambamba na hukumu ya wavuvi ya mwaka 2018, na watu wawili au watatu wagawane kurasa, kwa sababu hukumu hiyo nayo ni ndefu.